Thomas Edison na batri yenye ilishindwa na baridi

Mutoto wa shule anajifunza kama Edison njo mwenye alileta taa ya umeme. Lakini ni watu wachache wanajua kama kisha taa alitumika miaka kumi juu ya batri ya motokari, kama alizunguka milima akitafuta kobalti, na kama alifungua mugodi wenye ulimumalizia makuta. Sisi wenye tunaishi karibu na mashimo, ile sehemu ya maisha yake njo inatuhusu zaidi.

Alizaliwa tarehe 11 mwezi wa pili 1847, katika muji wa Milan, jimbo la Ohio, Marekani, mutoto wa mwisho wa watoto saba. Shule alikaa miezi michache tu. Mama yake, mwenye alikuwa mwalimu, akamufundisha nyumbani. Alipofikia miaka 12 alikuwa anauzisha magazeti na bombo ndani ya gari ya moshi, kati ya Port Huron na Detroit. Masikio yake yaliharibika angali kijana, na akaishi vile mpaka kufa. Alijifunza telegrafu, akapata kazi, akaanza kutengeneza mashini zake mwenyewe. Mwaka 1876 akajenga nyumba ya kazi Menlo Park. Mwaka 1877 akatoa mashini ya kushika sauti, mwaka 1879 taa yenye inadumu, na mwaka 1882 kituo cha umeme cha Pearl Street, New York. Ile yote iko katika mabuku, tusichelewe hapo.

Mugodi wake ulikuwa karibu na Ogdensburg, jimbo la New Jersey. Ilikuwa miaka ya 1890. Jiwe la pale lilikuwa na chuma kidogo tu, na kila mutu alikuwa anaona haifai kulichimba. Edison akasema hapana: tutasaga jiwe lote kuwa unga, kisha sumaku kubwa zitavuta chuma, mchanga utaanguka upande mwingine. Akatengeneza mashini za kusaga kubwa kabisa, akauzisha sehemu yake ya kompani ya General Electric ili apate makuta ya kuendesha kazi, akalala kule na wafanyakazi wake, akakula vumbi pamoja nao. Mashini zilisaga kweli. Lakini katika jimbo la Minnesota, fasi inaitwa Mesabi, watu wakapata chuma kingi karibu na uso wa udongo, chenye unachota tu na koleo. Bei ikaanguka. Mwaka 1900 mugodi ulikuwa umekwisha, na karibu dola milioni mbili zilikuwa zimepotea. Mutu mwenye amekwisha kuona bei ya kobalti ikipanda na kushuka hapa kwetu haitaji kuelezewa ile hali. Edison hakulia sana: alichukua zile mashini za kusaga, akazipeleka katika kazi ya simenti.

Wakati ule, katika barabara za Marekani, motokari za umeme zilikuwa nyingi. Zilikuwa kimya, hazikunuka, hukuhitaji kuzungusha chuma mbele ili kuwasha motere. Tabu ilikuwa batri. Ilikuwa ya risasi na asidi: nzito, asidi yake inakula vyuma, na inakufa mbio. Mwenye kununua motokari ya umeme yenye ilikwisha kutumiwa alikuwa anaweza kupata mwili muzuri, viti vizuri, na batri yenye imekufa. Ni kama leo.

Edison akaamua kutengeneza batri bila risasi na bila asidi. Alianza mwaka 1899. Yeye na watu wake walijaribu elfu na elfu za michanganyiko, mpaka wakabakia na vitu viwili: nikeli upande mumoja, chuma upande mwingine, ndani ya maji ya potasi. Nikeli ilikuwa inatoka Sudbury, Kanada. Mwaka 1901 Edison akaenda kule mwenyewe kutafuta mugodi wake, akachimbisha shimo fasi inaitwa Falconbridge. Shimo likakutana na mchanga wenye maji, ukaingia kila mara walipochota. Akaacha. Mwaka 1906 akapita na motokari katika milima ya North Carolina akitafuta kobalti, kwa sababu alifikiri itasaidia batri kuwa nyepesi. Mwaka ule ule wa 1906, Union Minière ilianzishwa juu ya shaba ya Katanga. Kama angejua ni fasi gani kobalti inalala!

Batri ya kwanza aliitoa mwaka 1903, na gazeti zikamusifu. Kisha mwaka moja hivi, batri zikaanza kuvuja, zingine zikapoteza nguvu. Hapa ninamuheshimu zaidi kuliko kwa taa. Mwaka 1904 alisimamisha kiwanda, akarudisha batri mbovu kwa makuta yake, akaanza upya. Kazi ikachukua miaka tano ingine. Aliweka vipande vyembamba vya nikeli ndani ya tuyo ndogo za chuma, na ndani ya maji akaongeza litiamu kidogo, ile ya familia moja na yenye iko Manono. Mwaka 1909 batri mupya ikatoka. Ilikuwa ngumu kama nyundo. Unaweza kuisahau bila kuijaza, unaweza kuijaza kupita kiasi, haife. Iliweza kudumu miaka makumi.

Lakini ilikuwa inachukia baridi. Kunapokuwa baridi kali, kazi ya ndani ya batri inakuwa polepole, na umeme unatoka kidogo. Batri zote ziko vile, ila ya Edison iliumia kuliko ile ya risasi. Detroit, fasi motokari zilikuwa zinatengenezwa, kuko barafu miezi mingi. Henry Ford, rafiki yake tangu 1896, alitangaza mwaka 1914 kama watatoa pamoja motokari ya umeme ya bei ya chini yenye batri ya Edison. Walijaribu motokari kadhaa. Batri haikutoa nguvu ya kutosha, mradi ukaachwa, hakuna hata moja yenye iliuzwa. Tena tangu 1912 Cadillac ilikuwa na motere ndogo ya kuwasha ile ya esansi. Hakuna mutu alikuwa anazungusha chuma tena.

Hapa nisimame kidogo, juu ya wale wenye wanafikiri kununua motokari ya umeme ya okazioni. Batri ya leo ya litiamu nayo inaogopa baridi, lakini ile ni usingizi: ikipata joto, nguvu inarudi. Joto kali njo linaua, na chenye kimekufa hakirudi. Mwaka 2012 watu wa Phoenix, Arizona, muji wa jangwa, walilalamika kama Nissan Leaf zao zimepoteza nguvu mbio sana. Ile batri haikuwa na maji ya kuipoza. Nissan ikaongeza garanti. Lubumbashi iko karibu metre 1.200 juu ya bahari, usiku wa mwezi wa sita baridi yetu haiui batri. Basi, mbele ya kuuliza motokari imetembea kilometre ngapi, uliza ilikaa wapi. Yenye ilizeeka katika jua la Dubai na yenye ilizeeka Norway haziko sawa, hata kama rangi yao inang'aa sawa. Kwenye Leaf, angalia tableau: kuko mistari midogo 12 yenye inaonyesha afya ya batri. Hesabu mwenyewe, usiache muuzishaji akuhesabie. Delestaji nayo ni hesabu ingine.

Batri ya Edison haikukufa pamoja na ule mradi. Iliingia katika vigari vya migodi, katika taa za gari ya moshi, na juu ya kichwa cha muchimbaji. Mbele yake, wachimbaji wa makaa walikuwa wanashuka na taa za moto, na moto ukikutana na gazi, watu wanakufa kwa makumi. Taa ya Edison ilikuwa na batri kwenye mukaba na waya mpaka kwenye kofia. Lakini batri ile ile ilikuwa na hatari yake: inapojazwa inatoa gazi ya idrojeni. Mwezi wa kwanza 1916 ilipasuka ndani ya mashua ya chini ya maji ya Marekani, E-2, na wanamaji wakafa. Edison na watu wake walisema kosa ni la hewa yenye haikupitishwa vizuri. Mwenye anajaza batri chini ya udongo anajua kama neno la hewa haliko dogo.

Alikufa tarehe 18 mwezi wa kumi 1931, West Orange, akiwa na miaka 84. Miaka tatu mbele, watu wengine walikuwa wamenunua ile fasi ya Falconbridge, na nikeli ilikuwa pale, karibu na shimo lenye Edison aliacha. Kompani ya Falconbridge ikakuwa kubwa. Mwaka 2006 ikanunuliwa na Xstrata, na mwaka 2013 Xstrata ikaingia ndani ya Glencore, jina lenye watu wa Kolwezi wanalijua.