Sonny Liston hakuwa zimwi

Kila mashabiki wa ndondi wakumbukapo usiku wa Februari 25, 1964, pale Miami Beach, sifa zote humwendea Cassius Clay, kijana wa miaka 22 ambaye wajuzi wengi hawakumpa nafasi. Mimi humkumbuka yule aliyebaki kitini raundi ya saba ilipoanza, akidai bega limeumia.

Sonny Liston alizaliwa Arkansas, katika familia maskini yenye watoto tele. Hata mwaka wa kuzaliwa kwake una utata. Babaye alimchapa mno. Ndondi alijifunzia gerezani Missouri, alikofungwa kwa unyang'anyi, na aliyemwelekeza ulingoni ni kasisi. Mwaka 1962 alimwangusha Floyd Patterson raundi ya kwanza, akawa bingwa wa dunia wa uzani mzito. Aliporudi Philadelphia alitarajia umati uwanjani mwa ndege. Haukuwapo.

Naam, alitembea na wahalifu, sikatai. Lakini ni bingwa gani mwingine aliyenyimwa hata makofi?

Mwaka 1965 Ali alimlaza raundi ya kwanza, na minong'ono ikazagaa kwamba aliuza pambano. Januari 5, 1971, mkewe alirejea kutoka safarini, akamkuta nyumbani kwao Las Vegas, ameshakufa siku kadhaa.