Kilemba cha Kukodi

Mchekeshaji wa televisheni wa siku hizi huweza kuvaa suti ya waziri, akaingia katika ofisi za wakubwa na kamera nyuma yake, na nchi nzima ikacheka jioni ile ile. Wengi hudhani kwamba ufundi huo umezaliwa pamoja na televisheni. La hasha. Ulikuwapo kabla ya chombo hicho, na mmoja wa mafundi wake wakubwa aliwahi kulitwaa jina la visiwa vyetu bila ya kutuomba ruhusa. Mtu huyo ni Horace de Vere Cole. Tunayaeleza maisha yake leo kwa kuwa ndani yake mna funzo linalowahusu wananchi wote, na hasa watumishi wa Serikali.

Cole alizaliwa mwaka 1881 katika jimbo la Cork, nchini Ireland, katika ukoo wenye mali na majina. Utotoni aliugua dondakoo, na maradhi hayo yakampunguzia usikivu kwa maisha yake yote. Akiwa kijana alikwenda kupigana katika vita vya Makaburu, Afrika ya Kusini, na huko akajeruhiwa vibaya kwa risasi mwaka 1900. Baadaye alijiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Shahada hakuipata. Alichokishughulikia zaidi ni kuwapima wenye vyeo, aone watainama kiasi gani mbele ya kitu kisichokuwapo.

Mwezi Machi 1905 Cole, pamoja na rafiki yake Adrian Stephen na vijana wengine, waliazimia kuutembelea mji wao wenyewe kwa jina la Sultani wa Zanzibar. Lakini picha ya Sultani ilikuwa imekwisha kutoka magazetini. Basi wakateremka daraja moja, wakawa ami yake Sultani pamoja na msafara wake. Walikwenda London kwa Willy Clarkson, mfanyabiashara maarufu wa mavazi ya maigizo, wakapakwa rangi nyusoni na kuvishwa majoho na vilemba. Simu ya maandishi ikapelekwa kwa Meya wa Cambridge, nao wakapanda gari moshi kurudi huko walikotoka. Kituoni walilakiwa kwa heshima, Meya akawapokea rasmi, na wakatembezwa mjini na katika vyuo, kikiwamo chuo alichosoma Cole mwenyewe.

Huyo ami alipewa jina la Mukasa Ali. Mtoto yeyote wa Unguja au Pemba angeshtuka papo hapo, kwani Mukasa ni jina la Waganda, si la ukoo wa Al-Busaidi. Cambridge hakushtuka mtu. Pengine siri ingebaki kuwa siri, lakini Cole alijua kwamba mzaha usiosimuliwa ni nusu ya mzaha. Habari zikafikishwa gazetini, na Meya akawa kichekesho. Alitaka vijana wale wafukuzwe chuoni. Akashauriwa kwamba kuwafukuza kungezidisha kicheko tu.

Hapa hatuna budi kukumbuka hali iliyokuwapo kwetu wakati huo huo. Sultani wa kweli, Sayyid Ali bin Hamud, aliyetawazwa mwaka 1902, alikuwa bado chini ya Mwingereza aliyetawala kwa niaba yake mpaka akue. Kwa hiyo mwaka ule Zanzibar ya kweli ilikuwa ikiamriwa, na Zanzibar ya kukodi ilikuwa ikiinamiwa.

Miaka mitano baadaye Cole alifanya jambo kubwa zaidi. Tarehe 7 Februari 1910 alijifanya ofisa wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, akafuatana na watu waliovishwa kama wana wa kifalme wa Uhabeshi. Miongoni mwao, akiwa na ndevu za bandia, alikuwamo dada yake Adrian, Virginia, ambaye baadaye alikuja kuwa mwandishi mashuhuri kwa jina la Virginia Woolf. Walipokewa kwa gwaride katika manowari Dreadnought, fahari ya jeshi la majini la Uingereza. Ofisa mmoja wa manowari hiyo alikuwa binamu yake Adrian na Virginia, naye hakuwatambua. Adrian, aliyekuwa mkalimani, alikuwa amejaribu kudokoa maneno ya Kiswahili katika kitabu cha sarufi njiani, ingawa Kiswahili si lugha ya Wahabeshi. Yalipomwishia, akachanganya Kilatini na Kigiriki. Na kwa kuwa bendera ya Uhabeshi haikupatikana, jeshi lile lilipandisha bendera ya Zanzibar na kupiga wimbo wa Zanzibar.

Msomaji apime jambo hilo. Jeshi lile lile ndilo lililoipiga kwa mizinga kasri ya Zanzibar tarehe 27 Agosti 1896, na kwa muda usiotimia saa moja watu wetu wapatao 500 wakauawa au kujeruhiwa. Bendera iliyofyatuliwa mizinga mwaka 1896 ndiyo iliyopigiwa saluti mwaka 1910, kwa ajili ya waongo. Picha ya wageni hao ilipotoka gazetini, suala likafika hadi Bungeni.

Maisha ya Cole hayakuishia katika kicheko. Mali aliyorithi ilimwishia, ndoa yake ya kwanza ikavunjika, naye akafa Ufaransa mwaka 1936 akiwa fukara. Mwaka uliofuata shemeji yake, Neville Chamberlain, akawa Waziri Mkuu wa Uingereza.

Sisi hatumsifu Cole kwa yote. Mzaha wake uliwaumbua wakubwa wa kwao, lakini zana zake zilikuwa rangi ya ngozi yetu, nguo zetu na jina letu, na wala hakufikiri kwamba ipo siku wenyewe tutausoma na kuuhukumu. Hata hivyo alilolifichua ni kweli. Meya na maofisa wale hawakudanganywa na ujanja mwingi. Walidanganywa kwa sababu waliona hapana haja ya kutujua. Joho na simu viliwatosha.

Je, sisi tumepona maradhi hayo? Katika ofisi zetu bado yupo mtu anayeingia kwa suti nzuri na kutaja jina la mkubwa fulani, faili likafunguliwa kabla hajaketi. Na bado yupo mzee aliyetoka Micheweni au Makunduchi tangu alfajiri, mwenye hati zote za haki yake mkononi, ambaye jua linamchwea akiwa kwenye benchi. Tunawaomba maofisa wetu wamuulize huyo wa suti barua yake imetoka wapi, na huyo wa kwenye benchi wamwite kwanza.