J.L.B. Smith: Mkemia Aliyevutwa na Bahari

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. James Leonard Brierley Smith aliinama kwa miaka 14 akimtafuta samaki mmoja.

Mtaalamu huyu alizaliwa mwaka wa 1897 mjini Graaff-Reinet, Afrika Kusini. Katika Vita Vikuu vya Kwanza alipigana Afrika Mashariki, akarejea na maradhi yaliyomwandama maishani. Alipata shahada ya uzamifu ya kemia Cambridge mwaka wa 1922, kisha akafundisha kemia mjini Grahamstown. Samaki aliwachunguza wakati wa mapumziko.

Desemba 1938, Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho ya East London, alimwandikia kuhusu samaki wa ajabu aliyevuliwa karibu na mto Chalumna. Smith alimtambua kuwa silakanti, jamii iliyodhaniwa kutoweka zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Alimwita Latimeria chalumnae. Kwa bahati mbaya, matumbo yalikuwa yameshatupwa. Ikabidi atafutwe mwingine mzima.

Smith na mkewe Margaret, aliyekuwa mchoraji hodari, walizuru pwani ya Msumbiji, Kenya na Zanzibar wakikusanya samaki wa miambani. Walisambaza matangazo ya zawadi ya pauni 100. Desemba 1952, Ahamadi Abdallah, mvuvi wa Nzwani, Komoro, alimvua samaki huyo. Waziri Mkuu D.F. Malan alitoa ndege ya kijeshi ili Smith akamchukue.

Ajabu ni kwamba wavuvi wa Komoro walimjua tangu zamani. Walimwita gombessa, wala hawakumthamini kwa chakula.

Haifai kumsifu Smith bila kupima. Alitumia baruti kukusanya samaki, mbinu inayovunja matumbawe na ambayo leo ni haramu Kenya na Tanzania. Hata hivyo, kitabu chake cha mwaka wa 1949 kuhusu samaki wa bahari ya kusini mwa Afrika kiliwafaa wataalamu na wavuvi vilevile.

Alijitoa uhai Januari 1968. Margaret aliiendeleza kazi yake kwa kuongoza taasisi ya elimu ya samaki mjini Grahamstown. Mwaka wa 2001, silakanti alivuliwa Malindi.

Maisha haya yanatuachia swali sisi wapenzi wa Kiswahili. Sayansi ilimpa samaki huyo jina la msimamizi na la mto. Jina la wavuvi likabaki vinywani mwao. Je, ni majina mangapi ya samaki wa pwani yetu ambayo bado hayajaingia katika kamusi, na wazee wanaoyajua wanazidi kupungua?