Robert Koch, Daktari Aliyehesabu

Mwanafunzi akitoka sokoni Kariakoo, akavuka kiwanja cha Mnazi Mmoja, akapita Uhindini na kushika njia ya kwenda baharini, mwisho atafika penye jumba jeupe la zamani lililojengwa na Wajerumani, wale ambao wazee wetu waliwaita Wadachi. Siku hizi watu hutibiwa humo ugonjwa wa saratani. Lakini lilipofunguliwa mwaka 1897 lilikuwa hospitali ya Wazungu peke yao. Waafrika na Wahindi walitibiwa katika hospitali nyingine, iliyojengwa kwa fedha za tajiri wa Kihindi, Sewa Haji. Mwaka ule ule alifika Dar es Salaam daktari mmoja mwenye ndevu na miwani, ambaye jina lake lilikuwa limekwisha kujulikana ulimwenguni kote. Huyo ndiye Robert Koch. Ikumbukeni njia hiyo ya kutoka Kariakoo mpaka baharini, maana tutairudia.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji mdogo wa Clausthal, kwenye milima ya Harz, nchini Ujerumani. Baba yake alikuwa ofisa wa migodi, na watoto wa nyumba ile walikuwa 13, basi mtoto mmoja hakuweza kuangaliwa sana. Husimuliwa kwamba alipokuwa na umri wa miaka mitano aliwashangaza wazazi wake kwa kusoma, hali hakuna aliyemfundisha. Kumbe alikuwa akiyachukua magazeti ya nyumbani na kuyatazama mpaka herufi zikamwelea. Tabia hiyo ya kutazama kitu hata kiseme hakuiacha maisha yake yote.

Akasoma udaktari katika chuo cha Göttingen, akamaliza mwaka 1866. Baada ya miaka michache akawekwa kuwa daktari wa wilaya huko Wollstein, mji ambao sasa umo katika nchi ya Poland. Wakulima wa huko walipata hasara kubwa kwa sababu ya kimeta, ugonjwa unaoua kondoo na ng'ombe ghafula, na hata watu. Koch hakuwa na maabara wala msaidizi. Alikuwa na hadubini, yaani chombo cha vioo cha kukuzia vitu visivyoonekana kwa macho, na chumba kimoja nyumbani mwake. Kila alipokwisha kuwatibu wagonjwa wake aliingia humo, akatazama damu ya wanyama waliokufa, akawatia panya, akatazama tena. Mwaka 1876 akawaonyesha maprofesa wa Breslau ya kuwa kijidudu kimoja, wala si kingine, ndicho kiletacho kimeta. Wakastaajabu kuona kazi kama ile imefanywa na daktari wa shamba.

Serikali ikamwita Berlin. Tarehe 24 Machi 1882 akasimama mbele ya madaktari wenzake kuwaeleza kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu. Wengi hukumbuka kijidudu tu, lakini mimi naona yafaa kukumbuka pia jinsi alivyoanza maneno yake. Aliwatajia hesabu. Watu wa Ulaya waliogopa sana tauni na kipindupindu, kwa kuwa maradhi hayo huja kwa kishindo na kuua wengi kwa siku chache, kisha huondoka. Kifua kikuu hakikutisha hivyo. Kilimla mtu polepole, mmoja nyumba hii, mmoja nyumba ile. Lakini Koch alikuwa amesoma madaftari ya vifo, akaona kwamba katika kila watu saba wanaokufa, mmoja huuawa na kifua kikuu, na miongoni mwa watu wazima wenye nguvu za kufanya kazi sehemu hiyo ni kubwa zaidi. Ugonjwa uliozoewa ndio uliokuwa ukiwamaliza.

Mwaka 1883 akasafiri mpaka Misri na Bara Hindi kutafuta asili ya kipindupindu, akakiona kijidudu chake na kuonyesha kuwa huenezwa na maji. Akarudi nyumbani akishangiliwa.

Mwaka 1890 akafanya kosa kubwa. Alitangaza kwamba amepata dawa ya kuponya kifua kikuu, wala hakutaka kusema imetengenezwa kwa nini. Wagonjwa wakamiminika Berlin kwa maelfu, wengine wakibebwa. Yeye aliyewafundisha wenzake kuhesabu hakungoja hesabu ya dawa yake mwenyewe. Madaktari wa hospitali walipokusanya habari zao waliona kwamba waliopona ni wachache sana, wengi hawakupata nafuu, na wengine walikufa upesi kuliko ambavyo wangalikufa bila dawa. Dawa hiyo baadaye ilifaa kwa kupima kama mtu ameambukizwa, si kwa kumponya. Koch alishushwa cheo katika mawazo ya watu wengi, na ilikuwa haki.

Miaka miwili baadaye kipindupindu kiliingia Hamburg, mji mkubwa wa bandari. Mpakani pake palikuwa na mji mwingine, Altona. Nyumba ziligusana, na mgeni hakuweza kujua mji mmoja umekwishia wapi. Hewa ilikuwa moja, udongo mmoja, na mto Elbe uliwanywesha wote wawili. Hata hivyo watu 8,600 hivi walikufa Hamburg, na Altona walikufa wachache. Katika barabara ya mpakani ugonjwa ulishika upande mmoja ukauacha upande wa pili. Koch akauliza habari za mabomba. Watu wa Hamburg walikunywa maji ya mto kama yalivyo, kwa kuwa wakubwa wa mji walikawia miaka mingi kutoa fedha za kuyachuja. Watu wa Altona waliyateka maji yao chini ya Hamburg, tena yakiwa yamekwisha kuingia uchafu wa mji ule, lakini waliyapitisha kwanza katika mchanga. Kulikuwa na kundi la nyumba ndani ya Hamburg zilizopata maji ya Altona, nazo zikasalimika. Basi wale waliosema kwamba kipindupindu huletwa na hewa mbaya wakakosa la kujibu.

Mtu huyo ndiye aliyeshuka Dar es Salaam mwaka 1897, akitoka Afrika ya Kusini alikotazama sotoka ya ng'ombe, na Bombay alikotazama tauni. Alithibitisha kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu Kisiba, magharibi ya Ziwa Viktoria, ni tauni. Lakini kazi yake kubwa mjini ilikuwa homa ya malaria. Wakati ule wengi bado waliamini kwamba homa hutoka katika mvuke wa matope. Koch aliandika jambo moja la kupendeza: Washambaa wa milimani walijua kwamba wakishuka pwani hupata homa, nao waliiita homa hiyo mbu, kwa jina la mdudu mwenyewe. Nao hawakuwa na hadubini.

Baadaye, katika visiwa vya Java na New Guinea, alipima damu ya vijiji vizima, wagonjwa na wazima. Akaona vimelea vya malaria katika watoto wadogo wengi, katika watoto wakubwa vichache, na katika watu wazima waliokaa siku zote mahali pale karibu hakuna. Watoto wale hawakulala kitandani. Walicheza, na kumbe malaria ilikuwa imefichika ndani yao. Akafikiri kwamba kila mwenye vimelea akipewa kwinini, mbu watakosa mahali pa kuchota ugonjwa, nao utakwisha.

Mwaka 1901 shauri hilo likajaribiwa Dar es Salaam. Daktari wa jeshi aitwaye Ollwig aliugawa mji sehemu sehemu, na watu wake wakapita nyumba kwa nyumba wakiandika majina, wakichoma kidole na kupaka tone la damu kwenye kioo. Aliyeonekana na vimelea akapewa kwinini, dawa chungu kama shubiri. Mji ulikuwa na watu yapata 20,000, na hesabu ilikuwa nzuri kwa siku iliyoandikwa. Lakini bandari haitulii. Wapagazi waliingia kutoka bara na kuondoka. Mabaharia walikuja na upepo. Wakulima walileta mazao asubuhi, jioni hawapo. Jina lililoandikwa leo, kesho mwenyewe yuko Bagamoyo. Wagonjwa walipungua, lakini malaria haikuisha.

Koch alirudi tena nchini mwaka 1905, akafuata njia za misafara. Katika vibanda vya kupumzikia wapagazi alifukua udongo akakusanya papasi, akawapasua mmoja mmoja, na kuhesabu wangapi wana kijidudu cha homa ya papasi. Akaona kwamba hata mayai yao yalikuwa nacho, akawashauri wasafiri walale mbali kidogo na vibanda vile. Mwaka huo huo alipewa Tuzo ya Nobel.

Kisha akaenda visiwa vya Sese, nchini Uganda, ambako malale yalikuwa yameua watu wengi mno. Katika Uganda nzima hukisiwa kuwa zaidi ya watu 200,000 walikufa katika miaka michache. Wagonjwa walimjia kwa mamia. Akawapa dawa iitwayo atoksili, na wengi wakapata nafuu. Lakini ilipokuwa ikirudi hali ile ile akazidisha kipimo, na zaidi ya wagonjwa 20 wakapofuka macho wasione tena. Akaacha kipimo kile kikubwa. Pia alishauri wagonjwa watengwe katika makambi, na serikali ikayajenga kandokando ya ziwa. Wengi waliyaogopa wakatoroka.

Alikufa tarehe 27 Mei 1910 huko Baden-Baden, umri wake miaka 66. Majivu yake yamewekwa Berlin, katika taasisi iliyoitwa kwa jina lake.

Dar es Salaam habari haikuishia hapo. Ile hesabu ya damu ya watoto ilisomwa na watu wengine kwa namna nyingine. Koch alitaka watoto wapewe dawa. Lakini katika makoloni mengi walikuwako madaktari na maofisa waliosema kwamba, kwa kuwa malaria imo katika watoto wa Kiafrika, Wazungu na wakae mbali nao. Katika siku za mwisho za utawala wa Wajerumani mji ukaanza kupangwa kwa rangi za watu. Shamba la minazi likatengwa kuwa mahali pa nyumba za Waafrika. Vita vikaja, Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliweka hapo wapagazi wa jeshi lao, wale wa Carrier Corps, na ulimi wa watu ukageuza jina hilo likawa Kariakoo. Nao Waingereza wakaendeleza mpango ule ule. Kati ya Kariakoo na Uhindini wakaacha uwanja mtupu, na sababu waliyoitoa ilikuwa afya. Ndio Mnazi Mmoja. Mbu waliuvuka uwanja huo kila usiku.

Mwaka 2004 ulianzishwa jijini mpango mwingine wa kupigana na malaria. Safari hii walioajiriwa walikuwa wakazi wa mitaa yenyewe. Walichora ramani za nyumba na viwanja kwa mkono, wakapita kila juma wakitazama mifereji, mashimo na madimbwi, wakaandika ni yapi yana viluwiluwi vya mbu. Na tangu mwaka 2006, katika kata tatu za kwanza, wakaanza kutia dawa katika maji hayo.