Siti binti Saad: kutoka vyungu hadi santuri

Mfanyabiashara wa Bwera au Kasese anayevuka Mpondwe kwenda Kasindi hupatana bei kwa Kiswahili. Miongoni mwa walioipa lugha hii thamani sokoni ni Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar.

Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, katika familia maskini ya wafinyanzi. Alitembeza vyungu akivinadi kwa sauti iliyovuta wateja. Mwaka 1911 alihamia mjini, akajifunza muziki ingawa hakujua kusoma wala kuandika.

Taarabu ya ikulu iliimbwa kwa Kiarabu. Siti aliimba kwa Kiswahili, akagusa dhuluma za mitaani. Wimbo wake Kijiti unasimulia mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja, na muuaji akatoroka.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walivuka bahari hadi Bombay, India, kurekodi santuri za kampuni ya His Master's Voice. Zilinunuliwa kwa wingi Afrika Mashariki, na kampuni nyingine zikaona kuwa Kiswahili kina soko.

Alifariki Julai 1950, akiwa ameacha santuri nyingi. Shaaban Robert ndiye aliyeandika wasifu wake.