Abdulla wa Mombasa, mfanyabiashara aliyeipa leso ulimi

Katika soko la Daraja Mbili mjini Kisii, akina mama wauzao ndizi hufunga leso viunoni, na wengine huwabebea watoto mgongoni. Ni wachache wanaojua kwamba maneno yaliyochapwa kwenye vazi hilo yanahusishwa na mtu mmoja wa Mombasa aliyeaga dunia miaka mingi iliyopita. Huyo si mwingine ila Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi, aliyejulikana kwa wateja wake kama Abdulla.

Biashara yake ilianzishwa mwaka wa 1887, leso ikiwa vazi changa. Wanawake wa pwani walikuwa wakinunua vitambaa vya mkononi, ambavyo Wareno huviita lenço, vikiwa bado jora moja. Walivikata vitatu vitatu, wakashona vipande viwili ubavu kwa ubavu, wakapata nguo pana. Baadaye wenye maduka wakaagiza nguo hiyo ikiwa nzima, yenye pindo pande zote nne na mji katikati. Yasemekana madoadoa ya michoro ya awali ndiyo yaliyoleta jina la kanga, kwa kufananishwa na yule ndege.

Rangi hizo hazikuwa jambo dogo. Mtumwa alivaa merikani au kaniki. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka wa 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka wa 1907, mwanamke aliyekuwa mali ya mtu aliweza kujitanda doti ya leso yenye rangi za kung'aa, na kila aliyemwona akajua kwamba huyu sasa ni muungwana.

Hata hivyo, wateja hao hawakuwa na huruma kwa mwenye duka. Mtindo mpya uligombaniwa leo, na baada ya wiki chache hakuna aliyeutaka tena. Isitoshe, leso hazikuchapwa Mombasa. Mchoro ulisafirishwa kwa meli hadi viwanda vya Uholanzi na Uingereza, ambako kila rangi ilihitaji chapa yake, kisha shehena ikangojewa kwa miezi. Mfanyabiashara alilazimika kubashiri mapema kitakachowapendeza wanawake Idi ijayo. Akikosea, alibaki na marobota.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Essak alianza kuweka methali na misemo kwenye leso zake, na ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa desturi hiyo. Maneno yaliandikwa kwanza kwa hati za Kiarabu, baadaye kwa herufi za Kirumi, yakichapwa na mafundi wa Ulaya waliokuwa wakinakili lugha wasiyoielewa. Sifa zote si zake, kwani methali zilikuwa vinywani mwa watu tangu jadi. Lakini sasa mke aliyeshindwa kumkabili mkewenza au mavyaa alinunua leso yenye neno lake, akaivaa na kupita mlangoni polepole. Nani angemshtaki mtu kwa kuvaa nguo?

Ili mnunuzi asibabaishwe na leso za wengine, Essak alitia alama yake: K.H.E. – Mali ya Abdulla.

Reli ilipofika Kisumu mwaka wa 1901, bidhaa za pwani zilipata njia ya haraka kuelekea bara. Huko Gusii, ambako wanawake walikuwa wakivaa ngozi, nguo za pamba zilienea polepole katika miaka ya ukoloni. Leso ikafika na maneno yake ya Kiswahili miongoni mwa wasemaji wa Ekegusii.

Uchapaji nao ulihama. Japan na India ziliingia sokoni, kisha vikaja viwanda vya Afrika Mashariki, kikiwemo Urafiki cha Dar es Salaam kilichofunguliwa mwaka wa 1968. Alama ya Abdulla iliishi kumshinda mwenyewe. Duka lenye jina lake liliendelea kuuza leso katika Barabara ya Biashara, Mombasa, na baadhi ya leso hizo zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Uingereza jijini London.