Johannes Rebmann, Mgeni Aliyeacha Mali Yake Machame

Jina la Johannes Rebmann si geni kwa mtoto yeyote wa Kilimanjaro aliyepita shule ya msingi: ndiye aliyeiona theluji ya Kibo tarehe 11 Mei 1848 akaandika habari zake. Habari ya mali yake husimuliwa mara chache, na kwa kuwa kijitabu hiki ni cha michango, tumeona ndugu zetu waisome.

Alizaliwa mwaka 1820 Gerlingen, Ujerumani, katika nyumba ya wakulima. Mwaka 1846 alifika Mombasa kumsaidia mmisionari Krapf, wakakaa Rabai. Safari yake ya kwanza kuja huku alikuwa na kiongozi, Bwana Kheri, na wapagazi wachache. Silaha hakutaka, alishika mwavuli. Alifika Kilema kwa Mangi Masaki, akarudi salama. Baadaye alipanda tena hadi Machame, na Mangi Mamkinga akampokea vizuri sana.

Safari ya tatu, Aprili 1849, haikuwa hivyo. Alikusudia kupita kwetu aende Unyamwezi, kwa hiyo alikuja na wapagazi 30 na nguo na shanga za kumtosha njia nzima. Siku hizo nguo na shanga ndizo zilikuwa fedha. Mamkinga hakumpiga wala hakumfunga. Alimwomba. Leo nguo, kesho shanga, keshokutwa nguo tena, yote kwa jina la urafiki, mpaka mizigo ikaisha na safari ya Unyamwezi ikafia hapo hapo. Rebmann alilia machozi. Hata baraka ya kutemewa mate wakati wa kuagana alidaiwa malipo yake. Akashuka pwani mgonjwa, mikono mitupu, na Uchaggani hakurudi tena.

Wapo wanaoisimulia habari hii kumtukana Mangi. Hatumsafishi, lakini kwa mila ya wakati ule mgeni hakukatiza nchi ya watu na mizigo kama ile bila kumpa mwenye nchi fungu lake. Ajabu yenyewe iko kwingine: alipokuja na kidogo alipita, alipokuja na kingi, hicho kingi ndicho kilichomfungia njia. Tukisikia kanisani kwamba Yesu aliwatuma wanafunzi bila mkoba, tunadhani aliwaonea tu.

Baada ya mali, jina. Huko London msomi Desborough Cooley alishikilia kwamba theluji karibu na ikweta ni ndoto, na Rebmann hakusadikiwa mpaka Baron von der Decken alipokuja kuupanda mlima mwaka 1861 na 1862.

Alikaa Afrika miaka 29 bila kurudi Ulaya. Mkewe Emma alifariki huko Rabai mwaka 1866. Waumini walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Maneno ya Kiswahili aliyoyakusanya kwa miaka mingi alimwachia Krapf, na kamusi ikatoka mwaka 1882 kwa jina la Krapf. Mwaka 1875, akiwa kipofu, aliondoka akishikwa mkono na Isaac Nyondo wa Rabai. Alifariki Korntal, Ujerumani, Oktoba 1876.

Miaka 17 baadaye, mwaka 1893, wamisionari wa Leipzig walipanda mpaka Machame ileile. Mangi Shangali akawapokea.